Mimi Ndiye Yule wa Kwenye Kalenda

Shangazi mshauri, nakuomba unisaidie, na kama mwandiko umeyumba usinicheke, naandikia juu ya cherehani wakati wenzangu wamekwenda kula, na barua hii nimekwisha kuichana mara mbili.

Mimi ni fundi wa kushona sare za shule, nina miaka arobaini na tisa, watoto hatukujaliwa, na mume wangu alipigwa na kiharusi miaka saba iliyopita akiwa amesimama mbele ya kwaya ya kanisa letu, maana yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya, aliwachukua watu wasiojua kitu akawafundisha mpaka wakaimba kwa sauti nne, na siku hiyo mkono wake ulishuka katikati ya wimbo, wao wakadhani anawaambia waimbe polepole. Tangu hapo upande wa kulia umekufa na maneno yote yamemtoka isipokuwa moja tu, "bado". Umeshiba? Bado. Unaumwa? Bado. Nikupeleke chooni? Bado. Mimi nimejifunza kumsoma machoni, ipi ni ndiyo, ipi ni hapana, ipi ni niache. Mchungaji alipoisikia akaigeuza mahubiri, akasema ndugu yetu anatuhubiria kwamba Mungu bado hajamaliza kazi, watu wakapiga vigelegele, na mimi nimekaa pale najua kwamba asubuhi ile alikuwa ananiambia shuka limelowa.

Ndivyo nilivyogeuzwa mfano, Shangazi. Kila kongamano la akina mama nasimamishwa nishuhudie uvumilivu, na mwaka huu wakatoa kalenda, nikaikuta imetundikwa hapa hapa kazini, mwezi wa tatu ni mimi namsukuma mume wangu kwenye kiti chake cha magurudumu, chini wameandika "Vumilia", na hakuna aliyeniuliza. Akina mama wa kamati wako kumi na wanane, wananikumbatia kila Jumapili, wananiita shujaa, lakini tangu ule mwaka wa kwanza hajatokea hata mmoja wa kuniambia leo nenda kapumzike, nitakaa naye. Na mimi sitakudanganya, ule ushujaa niliupenda, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokuwa napewa.

Sasa nikueleze ya Jumamosi ile. Nilikuwa namwogesha, saa tatu asubuhi, sabuni ikaniponyoka, nikainama kuiokota, naye akateleza kwenye kigoda akaenda chini. Hakuvunjika, lakini bafu letu ni jembamba na yeye ni mtu wa mwili, nilijaribu kumwinua mara nne mpaka kiuno kikalia. Kanisa liko nyuma ya nyumba yetu, ukuta mmoja tu unatutenganisha, na saa hiyo kwaya ilikuwa mazoezini, kwaya yake mwenyewe, nawasikia wanavyokosea palepale alipokuwa akiwarekebisha. Nikampigia simu mzee wa kanisa anayesimamia kwaya.

"Baba, mume wangu ameanguka bafuni. Naomba wanaume wawili tu, dakika tano."

"Pole sana, mama. Tumo katikati ya wimbo wa kongamano. Ngoja tukuombee."

"Mtaniombea baadaye, baba. Naomba mniinulie mtu."

"Tunaomba sasa hivi. Wewe ni mama wa imani, usikate tamaa. Tukimaliza tutaona."

Na kweli waliomba, niliwasikia, walinitaja kabisa, "mama yetu mvumilivu", halafu wakarudi kwenye wimbo. Tukakaa pale kwenye maji, yeye nimemfunika taulo, na jirani sikutaka kumwita, kwanza kwa sababu mume wangu yuko uchi, pili kwa sababu jirani mwenyewe ndiye yule tunayemwita Kelele, redio yake haizimwi, hasali popote, na mwezi uliopita mimi ndiye niliyemshtaki kwa mwenye nyumba.

Ilipofika saa tano kitu kikanikatika ndani. Haya sijamwambia mtu. Nilisimama, nikajifuta mikono, nikatoka, nikafunga mlango kwa ufunguo kwa nje, nikaenda mpaka kituo cha basi. Sikuaga. Nilikaa kwenye benchi, mabasi yakaja matatu, na nilikuwa na nia ya kupanda lolote, sikuwa na pa kwenda, nilitaka tu niwe mahali ambapo hakuna mtu wa kuinuliwa. Na ujue, Shangazi, sikurudi kwa sababu ya upendo, wala sikusikia sauti yoyote moyoni. Basi la nne lilipokuja kondakta aliniangalia miguuni akacheka, nikaona nimevaa kandambili mbili tofauti, moja yangu moja ya mume wangu, nikaona aibu kusafiri hivyo. Ndiyo iliyonirudisha.

Kelele alikuwa amesimama mlangoni kwake.

"Jirani, viatu vimegombana?"

Nikaanza kulia pale pale. Hakuuliza la pili. Alizima redio akanifuata, akavua shati lake akamfunga mume wangu kiunoni, akampitisha mikono kwapani, akamwambia, "Pole, kaka, hii sakafu ina visa na wewe," na mume wangu akacheka, kicheko ambacho sijakisikia mwaka mzima, na mimi nimesimama nyuma yao na ufunguo mkononi.

Kesho yake Jumapili mama mchungaji akaniita mbele, eti niwatie moyo wanandoa wapya. Nikashika kipaza sauti nikawaambia yote. Nikawaambia mtu aliyewafundisha kuimba alilala kwenye maji kuanzia saa tatu mpaka saa sita huku wao wanaimba upande wa pili wa ukuta, na aliyemwinua ni mtu wanayemwita mpagani, na Mungu mwenyewe sikumwona, labda naye alikuwa mazoezini. Mtu mmoja alicheka, nikarudisha kipaza sauti.

Jumatano wazee wakaniita. Wamesema nimemtukana Mungu madhabahuni, nitubu mbele ya kanisa Jumapili ya mwisho wa mwezi, la sivyo nimezuiwa Meza ya Bwana. Nikawauliza, na mume wangu? Wakasema yeye hajakosa, anakaribishwa, aje. Aje kwa miguu ipi? Ile desturi ya kumletea ushirika nyumbani nayo wameisimamisha mpaka "mambo ya nyumba yatulie". Jumapili hizi mbili amejifunga tai kwa mkono mmoja, akakaa kuuelekea ule ukuta mpaka ibada ikaisha, na machozi yanamtoka upande mmoja tu.

Kwa ajili yake naweza kutubu hata kesho. Lakini nikitubu nitakuwa nasema uongo, na nisipotubu namnyima kitu pekee alichobaki nacho. Na kuna lingine linalonitafuna zaidi. Katika zile saa nilizowahesabia mbele ya kanisa, moja ilikuwa yangu. Mume wangu alisikia ufunguo ukizunguka. Tangu siku hiyo nikigusa kitasa tu ananitazama, na sijui ananiambia nini. Siku hizi nikifunga macho kusali midomo inakwenda lakini hakuna kitu. Nifanye nini, Shangazi? Mimi ni mwamini kweli, au nilikuwa picha tu?

Ni mimi, Mke wa Mwalimu wa Kwaya.

*

Mke wa Mwalimu, pole. Naisema mara moja na siirudii, maana pole umekwisha kupewa nyingi na hazikumwinua mtu.

Nianze na hao wazee. Usitubu. Ukisimama mbele ya watu ukasema ulifanya kosa kuyasema yaliyotokea, hapo ndipo utakuwa umemdanganya Mungu madhabahuni. Waandikie mistari miwili tu: nilisema nilichokiona, aliyeona uongo wangu anionyeshe. Ule mzaha wako kuhusu Mungu kuwa mazoezini ni wa wewe na Yeye. Amesikia maneno makali kuliko hayo kutoka kwa watu aliowapenda sana, na mtu hagombani na asiyeamini kwamba yupo. Imani unayo. Imechoka tu, kama kiuno chako. Midomo ikienda bila kitu, iache iende, au nyamaza kabisa, au mlalamikie. Yote ni sala.

Sasa geuka nikuseme na wewe. Miaka saba umefunga mdomo kwa sababu kukumbatiwa kulikuwa kutamu. Uliomba wanaume wawili siku moja tu, siku ya ajali. Kabla ya hapo uliwahi kumwambia nani, "Alhamisi njoo ukae naye"? Wamekukosea, tena vibaya, lakini uliwasaidia kukukosea. Kuvumilia na kunyamaza ni vitu viwili, na ukivichanganya unatengeneza sanamu, na sanamu haipelekewi uji. Bwana wetu mwenyewe alipolemewa na ule mti wa msalaba njiani, alitafutwa mtu wa kuubeba pamoja naye, na hatujasikia kwamba alikataa au alichagua dini ya mbebaji. Wewe ulimwacha mumeo kwenye maji kwa kuogopa kwamba mtu wa redio atamwona uchi! Nenda leo kwa huyo jirani, mshukuru kwa mdomo wako, kisha kwa mwenye nyumba ufute yale mashtaka. Redio utamwomba apunguze, kama majirani wanavyoombana. Na umpe ufunguo wa akiba.

Nafika kwenye lile linalokutafuna. Una haki ya kutafunwa. Uliwabebesha watu wengine saa yako. Kanisa huna deni nalo la msamaha, ila mumeo unalo. Mchana, ukiwa umetulia, kaa upande anaoona vizuri, shika ule mkono ulio hai, umwambie: siku ile nilifunga mlango nikaenda kituoni, nilitaka kukuacha, nikarudi. Ishia hapo. Usiongeze "lakini". Usimtajie kiuno, usimtajie miaka saba, na usimtazame ukisubiri akusamehe hapo hapo. Huenda akageuzia uso ukutani siku tatu. Mwache. Huyu mtu ameondolewa mkono, mguu, sauti na kwaya, usimwondolee na hasira. Wala usidhani akijua mtavunjika. Anajua tayari. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba hakuota.

Hicho kigoda kitupe. Nunua kiti cha plastiki chenye mgongo, na fundi akupigilie chuma cha kushikia kwenye ukuta wa bafu, juma hili, si mwezi ujao. Kwenye kalenda iliyo hapo kazini kwako, bandika karatasi juu ya picha yako. Akiuliza mtu, mwambie hukuulizwa.

Umesema hao akina mama ni kumi na wanane. Usiwaandikie barua ya uchungu. Chagua watatu, nenda nyumbani kwao, kila mmoja mpe siku yake na saa yake. Anayekubali, mfundishe kumgeuza mgonjwa. Anayesema atakuombea, mwambie asante, uondoke kabla ya chai.

Na Jumapili ijayo usimwache mume akiutazama ukuta. Wamesema anakaribishwa, basi wapelekee mgeni wao. Mvalishe, msukume mpaka mlangoni pa kanisa, mtafute yule mzee wa kwenye simu, umkabidhi mikono ya kiti. Atakuambia, "Ingia nawe, mama." Mwambie, "Mimi mmenizuia Meza, baba. Yeye hamkumzuia. Nitamfuata ibada ikiisha." Mwonyeshe breki iko wapi. Mwambie mgonjwa akitaka chooni atampeleka yeye. Kisha nenda nyumbani ukalale.