Kinachokula Chaji ya Baba

3 Machi

Baba mpendwa,

Basi ndipo simu yako ikazima, nikabaki nikiongea na ukuta! Nilikuwa nimefika pale mume wangu alipovipanga vikombe vyetu viwili, sikio kwa sikio, eti navyo vifunge ndoa. Kila nikivikumbuka nacheka; sikujua kama mtu anaweza kucheka peke yake akifua nguo! Lo, nimesahau adabu: shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Sisi ni wazima kabisa.

Kila nikitoka kazini mchana nakupigia, hupatikani. Jioni simu iko kwenye chaji chumbani nawe uko barazani, huisikii. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mume wangu anasema ufanye hivi: telezesha kidole kutoka juu ya kioo, upunguze mwangaza. Zima bluututhi, na ile alama ya mahali ulipo. Usiiache juani kwenye benchi lako la viatu, joto linaua betri.

Nitakuja nikuoneshe mwenyewe, kama nilivyoahidi siku ya harusi. Tutulie kidogo tu.

Binti yako mwenye furaha

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba, mama. Mgongo upo, haujahama. Msalimie mkwe wangu, mwambie nimefanya yote. Mwangaza niliupunguza mpaka nikampigia mwenye nyumba nikidhani ni muuza ngozi. Tukasalimiana kwa heshima, nikakata. Simu sasa inakaa kivulini, ndani ya buti la mteja ambaye hajarudi. Hata hivyo saa saba mchana imeshakufa.

Labda imezeeka kama mwenyewe. Usijisumbue, mwenye ndoa mpya ana mengi. Hapa kumetulia. Viatu havina maneno.

Baba yako

23 Machi

Baba yangu,

Shikamoo! Umelala salama? Unakula? Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa tunapaka rangi chumba. Mume wangu alinipaka puani, nami nikampaka sikioni, tukamaliza ukuta mmoja tu kwa siku mbili. Namwangalia akiosha brashi, moyo unanijaa.

Sasa sikiliza. Humo ndani ya simu kuna mwizi. Fungua mipangilio, ingia palipoandikwa betri, kisha matumizi. Utaona orodha. Anayekula chaji zaidi ndiye anakaa juu kabisa. Mara nyingi ni programu inayofanya kazi kisirisiri bila wewe kujua. Niandikie mstari huo wa juu, tumfunge!

Kuhusu kuja, mwezi huu umetubana. Usichoke kutungoja.

Binti yako

12 Aprili

Mwanangu,

Hujambo wewe, na mwenzio hajambo? Mimi nashukuru.

Mwizi nilimpata siku ileile. Nimechelewa kukujibu kwa aibu. Mstari wa juu unasema video, saa tano na dakika arobaini kwa siku. Ni ile video ya harusi yako.

Si kwamba naitazama, mama. Simu nailaza kifudifudi, nami nashona soli. Nataka sauti tu. Kuna mahali unawafokea wapanga viti, “Baba yangu hakai nyuma!” Ikifika hapo najikuta nimenyoosha mgongo. Ikiisha, naianza tena. Juzi mteja aliniuliza, “Fundi, leo una wageni?” Nikamjibu, ndiyo, wapo ndani.

Najua dawa ni kuifuta. Kama kuna dawa nyingine, nielekeze.

Baba yako

16 Aprili

Baba,

Shikamoo. Safari hii sikuulizi habari za afya, umeshanijibu.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, mkoba begani. Nikampa mume wangu. Akaisoma, akaikunja taratibu, akasema, “Mke wangu, mzee hajaandika habari za betri.” Nikamwambia najua. Nikakaa chini palepale sakafuni nikalia, naye akakaa nami.

Mwezi mzima nimekufundisha kuzima hiki na kile, nikidhani nakutunza. Nilikuwa na furaha nyingi, Baba, nikasahau kwamba nyumba niliyotoka imebaki na mtu mmoja.

Usiifute. Dawa ipo: sauti inaweza kutolewa kwenye video ikabaki peke yake, ikacheza kioo kikiwa kimezimwa, na chaji haitaisha upesi. Lakini jinsi ya kulifanya hilo sikuandikii. Nikikuandikia utalifanya, utaniambia kumetulia, nami nitapata sababu ya kutokuja.

Nimeomba ruhusa kazini, wamenipa siku saba. Mume wangu hana likizo, kwa hiyo nakuja peke yangu. Tangu tuoane hatujalala mbalimbali hata siku moja. Amejifanya shujaa, lakini nimemkuta akipanga nguo zangu kwenye begi polepole mno. Yeye atavumilia wiki moja, wewe umevumilia zaidi.

Sikwambii tena nitakuja tukitulia. Kabla mwezi huu haujaisha, Ijumaa ya mwisho, saa za mchana, utasikia hodi. Acha kiatu cha mtu, uje ufungue.

Binti yako