Sweta Namba Saba

Mpendwa wifi yangu Furaha,

Mama anakusalimu. Barua hii utaletewa na yule mama wa Cyanzarwe anayevusha viazi mpakani kila asubuhi. Anasema nyumba mnayokaa huko Goma anaijua.

Siku kaka yangu alipokuleta nyumbani nilikupenda. Nataka ulijue hilo kwanza. Mimi na Mama tulikuwa tumerudi kutoka Karagwe mwaka wa tisini na tano, na hapa Gisenyi sikuwa na sifa yoyote ila ya kufuma. Masista waliponipa karakana yao niwafundishe wanawake, nilitembea kifua mbele. Ukaniomba nikufundishe na wewe. Ulikaa nyuma kabisa, mjamzito, sindano umeziegemeza juu ya tumbo. Mwezi haukuisha ukawa huitazami tena mikono yangu. Ulikuwa umeshanipita.

Wivu ulianzia kwa Mama. Unalikumbuka lile sweta jeupe nililomfumia Pasaka, lenye misuko kifuani? Kila aliyeliona alilisifu. Mama alilivaa siku ile moja, akalikunja, akalitia sandukuni. Nikadhani analitunza. Kisha wewe ukamfumia la kijivu, lisilo na pambo lolote, lenye vifungo kuanzia begani hadi ubavuni, kwa sababu uliona jambo ambalo mimi binti yake sikulijali: mkono wake wa kulia, ulioteguka zamani, haupandi.

"Mama, we kaa tu," ulimwambia kwa Kiswahili chenu cha Goma. "Mukono yako ibakie hapo chini, sweta njo itakuja kuitafuta."

Mama alicheka. Akalivaa kesho yake, na kesho kutwa, bombani na kanisani. Nilimuuliza mbona la kwangu halivai. Akanijibu bila ubaya wowote, "La kwako ni zuri, mwanangu. La Furaha linavalika."

Nikaanza kukukosoa mbele ya wenzako. Siku moja nilikufumulisha safu nzima iliyokuwa sawa kabisa, nawe ukafumua.

Halafu shule ya wasichana ikataka sweta jipya. Ambaye sweta lake lingechaguliwa angesimamia kazi yote karakanani, na nilijua ulivyoihitaji nafasi ile, kaka yangu akiwa hana kazi. Masweta tisa yaliletwa bila majina, namba tu. Waamuzi tulikuwa watatu. Sista na mwalimu wa shule walitazama rangi na umbo. Mimi, kama fundi, niliachiwa kupima uvaaji: kama kichwa kinapita, kama mikono inainuka, kama likifuliwa halilegei.

Namba saba nililitambua kabla sijaligusa. Hakuna mwingine aliyefunga pindo la mkono namna ile. Lilikuwa la buluu iliyoiva, na kwapani ulikuwa umeongeza kipande kidogo cha pembe nne ili msichana akiinua ndoo kichwani, tumbo lisibaki wazi. Nilifunga mlango nikalivaa mwenyewe. Nikainua mikono. Halikupanda hata kidogo. Nilijitazama kwenye kioo cha dirisha nikatamani kulia, maana ningeweza kufuma miaka ishirini nisikiwaze kile kipande cha kwapani. Nikalivua, nikaketi, nikaandika: namba saba, shingo inabana.

Likachaguliwa namba mbili, la mama mmoja wa Nyakiriba. Jioni ulinikuta nafagia nyuzi.

"Wifi, mi sina kesi na wewe," ulisema. "Nauliza tu. Hiyo shingo, nani ulimuvalisha?"

Nikasema nilimvalisha msichana mmoja wa shule.

"Msichana gani?"

Nikaendelea kufagia.

"Bon, sawa," ukasema, ukaondoka.

Kabla ya mwezi kwisha mlihamia kwa ndugu zako. Niliwasindikiza hadi mpakani, Grande Barrière, nimekubebea mfuko wako wa sindano. Uliupokea bila kunipa mkono.

Mvua zilipoanza, mikono ya namba mbili ilivutika hadi ikawafunika wasichana vidole. Wote wakawa wanatembea wameikunja. Nikaenda kwa Sista, nikamweleza nilichofanya. Akasema niwaambie na wanawake wa karakana. Niliwaambia, nimesimama mbele yao. Tukayafumua masweta yote. Tangu muhula huu wasichana wanavaa lako.

Mimi ndiye ninayewafundisha wanawake kile kipande chako. Jumapili wasichana wakipita kando ya ziwa, watu wanageuka kuwatazama, na moyo unaniuma kana kwamba ni jana. Mgeni mmoja aliniuliza ni nani aliyelibuni. Nilitaja jina lako, Furaha, lakini nilichelewa kidogo kulitaja, na katika kuchelewa huko nilijijua bado ni yule yule.

Sista anasema nafasi ya usimamizi ni yako ukiitaka. Nilikuwa nangoja wivu uniishe ndipo nikuandikie. Hauishi. Basi njoo hivyo hivyo nikiwa nao. Utanipangia kazi, nami nitaifanya.

Nisalimie kaka yangu, na umbusu mtoto.

Wifi yako