Peusi Nyuma ya Pekundu

Kwako Mwenda mjukuu wangu,

Huku Kiirua tuko poa, viazi vimefanya vizuri. Usicheke, kwa ukoo mimi ni guka yako, yaani babu, hata kama sina mvi!

Wewe unayesomea urubani umeniuliza kama rubani anaweza kupita mahali rada haionyeshi mvua. Aki, usijaribu! Juzi nilipakia miraa kwa ndege, kapteni akanibeba mbele. Kwa skrini ya rada, nyuma ya doa jekundu la mvua kubwa, nikaona mahali peusi. Video za simu zilinifunza peusi hakuna mvua, ni salama.

“Kapteni, pita hapo, hakuna kitu!”

“Wewe nyamaza! Hiyo mvua ya mbele imemeza mawimbi ya rada. Hapo hatuoni.”

Tukazunguka. Woi, Mwenda! Hapo nyuma wingu lilisimama kama ukuta, radi zikipasuka juu hadi chini. Na mimi nilikuwa nimepachagua nikishangilia!

Jumatatu unarusha ndege peke yako. Ukiona peusi nyuma ya pekundu, zunguka, hata wakikucheka kwamba umechelewa.

Guka yako