Mawese ya Babu Yako

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Ujiji tuko salama. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Unauliza kwa nini lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, imepanda wakati umeacha ugali, unakula nyama na mayai tu. Hata babu yako aliacha ugali.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa. Shida za kule niziache. Daktari alimwambia babu yako aache ugali kwa sababu ya sukari. Lakini wanaume walikula pamoja barazani, kila mke akipeleka sahani yake, na sahani isiyo na ugali ilinitia aibu. Nikafidia kwa mawese, samaki wetu mgebuka akaelea humo. Wenzake wakasema, "Mwenzetu kaoa!" Muuguzi wa zahanati akanionya, "Mama, mafuta hayo yatamziba mishipa." Nikamcheka. Nilitaka sifa.

Akaanguka shambani. Moyo ulisimama.

Wewe rudi kwa daktari, umweleze kila unachokula. Si lazima urudie ugali, ila punguza mafuta, kula samaki na mboga. Na wanaokusifu kwa kukonda usiwasikilize. Walionisifu mimi ndio walimbeba babu yako makaburini, kisha wakarudi matangani kwangu, wakala, wakasifu mawese.

Bibi yako