Rubani wa Saza na Ndege ya Mazoezi

Saza, Jumatano, mvua bado inanyesha

Jioni hii tumeuteremsha mwili wa Bwana Harri, rubani wetu, kutoka mlimani, tumeufunga ndani ya turubai.

Nilimfahamu huko Rodeshia ya Kusini, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mimi nilifagia chumba cha mazoezi, yeye alikuwa akisomea urubani. Mle chumbani walikuwa na ndege ya bandia, sanduku tu lenye mabawa mafupi. Mwanafunzi alifungiwa humo gizani, akajifunza kuruka kwa kutazama mishale ya vipimo vilivyo mbele yake. Akikosea, mwalimu alimwambia, "Umekufa." Harri alikufa mara nyingi. Kila mara alitoka akicheka, akaomba kurudia.

Leo asubuhi alikuja kuchukua dhahabu ya mgodi. Alipotaka kuondoka, mawingu yalikuwa yameshuka mpaka chini. Nikamwambia, "Bwana, subiri kidogo yapande."

"Usiogope, Simoni. Kuruka bila kuona ndiko nilikofundishwa."

Nilijua anasema kweli, kwa maana nilimwona akifundishwa. Ila mle ndani ya sanduku hamkuwa na vilima vyetu.

Akaruka. Tukasikia injini ikiingia mawinguni, kisha kishindo mlimani.

Ameacha mtoto mchanga. Mke wangu ameniuliza mara mbili kama nitakula.

Meneja wa mgodi ameniagiza nifyeke majani ya uwanja wa ndege kesho. Anasema rubani mwingine yuko njiani, kijana hodari, naye amefunzwa vilevile. Mimi mfyeka majani nitamzuiaje?