Alichosema Bibi wa Ng'ambo ya Songwe

Mwanjelwa, Jumatano

Vumi,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kiti chako, kile cha plastiki ulichokuwa ukikivuta karibu na cherehani yangu ili unipigie soga wakati nakata vitambaa. Karatasi imeshaingia mafuta ya mashine. Hilo utanisamehe, ni dogo. Kubwa linakuja, na ukiniona nazungukazunguka ujue ndilo ninalolikwepa.

Nianze na habari za huku. Meza yako ya viatu vya mtumba ameichukua dada mmoja kutoka Tukuyu. Mpole mno, haiti wateja, anawatazama tu wakipita mpaka namwonea huruma. Wewe ungekuwa umeshawavua watu viatu walivyovaa ukawauzia vingine. Mvua za mwaka huu sizielewi. Zinapiga siku mbili mfululizo, zinakata wiki nzima, halafu ukungu unashuka sokoni na kukaa mpaka saa nne asubuhi. Watu wanasema ni hali ya hewa ya kawaida. Mimi siku hizi kila kitu kikitulia nasimama kusikiliza.

Na kwaya inarudi kule, Vumi. Jumamosi hii. Bwana Sanga, mwenyekiti wetu, ametangaza kanisani kwamba tunakwenda kumalizia kazi uliyoifia. Canter imeshapatikana, unga umeshafungwa, spika zimetengenezwa. Tutavuka Kasumulu asubuhi, tuingie Malawi, tufike kijiji kilekile, tusimame pale pale kando ya mto Songwe. Anataka tuimbe nyimbo zilezile tatu, tuweke shada, na yule kijana wa kamera arekodi. Watu walisema amina. Na mimi nilisema.

Unamkumbuka Bwana Sanga na kauli yake ya ibada kwanza, mgao baadaye? Alisema ukigawa kwanza watu wataondoka na unga wao, utamwimbia nani. Tulicheka wote. Ndivyo tulivyozoea hata huku nyumbani. Iwe harusi, iwe msiba, kwaya haiendi mikono mitupu, lakini zawadi haitoki mpaka wimbo uishe. Basi tulifanya vivyo hivyo kwa watu ambao mafuriko yalikuwa yamewachukulia nyumba, mbuzi na masufuria. Tuliyapanga magunia ya unga na marobota ya blanketi mbele yetu kama ukuta wa jukwaa, tukatandika bango juu yake, tukawasha jenereta. Wao wakakaa chini upande wa pili, saa nzima na zaidi, wanautazama unga. Walikuwa wanapiga makofi kila tulipomaliza. Nikikumbuka yale makofi nashindwa kula.

Nilikuwa nimewashonea sare mpya kwa ajili ya safari ile. Wewe ulilalamika kwamba sketi imebana, ukasema Sekela ameshona sketi ya kusimama, si ya kutembea. Nikakujibu ubaya si wa sketi, ni wa chapati. Ulicheka mpaka ukakaa kwenye hiki kiti. Sikuipanua, Vumi. Nilikuwa na sare ishirini na nne za kumaliza, na nilipenda mstari ulivyoonekana tukisimama pamoja.

Sasa nifike.

Baada ya wimbo wa pili, yule bibi alitujia. Unamkumbuka, mwembamba, amejifunga kitenge cha kijani. Mimi na wewe tulikuwa mwisho wa mstari, upande wa mtoni, mbali na spika. Wengine walikuwa wanapanga mikrofoni na jenereta linanguruma. Alinisalimia, mugonile, nikamwitikia. Wewe ni mtu wa Iringa, Kingonde chao kilikupita kama upepo. Mimi kwangu kile ni Kinyakyusa cha mama yangu, kimepinda kidogo tu. Hakuna neno nililolikosa.

Aliniambia hivi: "Mwanangu, waambie wenzako waache. Mto umenyamaza tangu jana jioni. Ukinyamaza hivi haujatulia, umezibwa huko juu, unajikusanya. Sisi sote tunataka kupanda shuleni, ila tunaona aibu kuwaacha wageni wanaimba."

Wewe ukaniuliza, "Bibi anasemaje, Seke?"

Nikakujibu, "Anasema tunaimba vizuri, tuendelee."

Ukamgeukia ukamwambia, "Asante, bibi," kwa Kiswahili, ukampungia mkono kwa furaha. Yeye akakutazama, kisha akanitazama mimi. Akarudi kukaa na wenzake.

Nimeandika. 

Sababu unaijua, kwa sababu wewe ndiye uliyenipigania. Wimbo wa tatu ulikuwa wangu. Miaka kumi na moja naimba sauti ya pili, naegemea sauti za watu kama mtu anayetembea na ukuta, na siku ile kwa mara ya kwanza Mwalimu wa kwaya alikuwa amenipa ubeti wa kuanzisha peke yangu. Wewe ulimfuata ukamwambia asiponipa mimi utahama kwaya. Nilijisemea moyoni, dakika saba. Mto uliokaa kimya tangu jana hautashindwa kungoja dakika saba. Nikishamaliza nitawaambia.

Niliimba vizuri, Vumi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Uliniminya mkono kwenye kiitikio ili nijue.

Tulikuwa tunarudia kiitikio mara ya mwisho tuliposikia mlio kama lori linamwaga kokoto nyuma ya kilima. Wenyeji walikuwa wameshasimama kabla hata hatujanyamaza. Walibeba watoto wao wakapanda njia ya shule, wanaijua. Sisi tulisimama kidogo tukitazamana, kwaya haiachi wimbo katikati, ndivyo tulivyofundishwa. Kisha bango likaondoka, marobota yakaondoka, jenereta likazimika. Nilipandisha sketi mpaka mapajani nikakimbia. Nilikuwa nimekushika mkono, halafu nilikuwa sijakushika. Najiuliza kila siku nani aliachia. Sijapata jibu ninaloliamini.

Walikukuta kesho yake, wanaume wa kijiji kile, mbali kule chini. Hatukuwa na hata shuka la kukufunika, kwa sababu blanketi zote tulizowapelekea zilikwenda na maji zikiwa bado zimefungwa kamba. Yule bibi ndiye aliyekuja na kitenge. Watu tuliokwenda kuwasitiri ndio waliokusitiri wewe. Alikifunga mwenyewe, taratibu, akanyooka na kunitazama. Alijua kwamba nilisikia.

Tulikuzika Mlandege, kwenu Iringa, karibu na baba yako. Hayo uliyaona kama wafu wanaona. Ambalo pengine hukuliona ni mama yako kuniita jikoni siku ya kuanua matanga. Alikuwa anachambua maharage. Alinisalimia, "Kamwene, mwanangu, kaa." Kisha akaniuliza kama ulisikia neno lolote jema kabla ya maji. Nikamwambia kuna bibi alikuja kutusifu, na wewe ulimpungia mkono kwa furaha. Akalia, akasema basi mwanangu alikufa anapendwa. Tangu siku hiyo anawasimulia majirani. Nasikia hata mchungaji wa Mlandege amelisema kwenye mahubiri. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya kwangu imefika Iringa na kurudi.

Jumatatu nilijaribu kuanza kujitua. Nilikwenda dukani kwa Mzee Shaibu, yule aliyetupa blanketi mara ya kwanza bila kuuliza ni za kanisa au za msikiti. Kila asubuhi tangu tuliporudi huniuliza watu wa kule wanaendeleaje na baridi, na kila asubuhi nimemjibu wanashukuru sana, mzee. Safari hii ameshafunga marobota mengine. Nikamwambia ukweli wote, wa blanketi na wa bibi. Aliendelea kukunja khanga aliyokuwa akimwonyesha mteja. Kisha akasema, "Binti, mimi nimepoteza blanketi. Yule mama amepoteza mtoto. Mbona umeanzia kwangu?"

Nilianzia kwake kwa sababu nilijua atanisamehe.

Sasa sikiliza yaliyotokea jana, ndiyo yaliyonikalisha hapa. Mazoezini Bwana Sanga alitusikilizisha ujumbe wa sauti kutoka kwa mchungaji wa kijiji kile cha mtoni. Ni mgeni, kijana wa mjini, amehamishiwa pale miezi michache iliyopita. Anasema karibuni sana, mvua imenyesha kiasi huko milimani, lakini Mungu ni mwema, mto umetulia kabisa, hata sauti yake haisikiki. Kwaya nzima ikasema haleluya. Rehema akapiga kigelegele.

Nilisimama pale na daftari la nyimbo mkononi, Vumi, na ulimi haukunyanyuka. Kwa sababu nikisema tusiende, wataniuliza nimejuaje. Na hakuna njia ya kuwaambia nilivyojua bila kuwaambia tangu lini. Watu ishirini na wawili, wale niliowapima viuno na mabega, nawajua kwa sentimita. Wanashona vifungo wakisubiri Jumamosi.

Halafu simu ikalia, ni mama yako. Anakuja. Ameomba nafasi kwenye Canter, Bwana Sanga amempa ya mbele. Anasema anataka kupaona mahali ulipoishia na kumshukuru yule bibi aliyekusifu. Hajui Kingonde wala Kinyakyusa. Akaniambia, "Wewe ndiye utakuwa masikio yangu huko, Sekela. Nakutegemea." Nikamwambia ndiyo, mama.

Nimewaza kumwacha afike, yule bibi amwambie mwenyewe, na mimi nisimame katikati nikitafsiri. Unaona ninavyoanza tena? Ningeweza kutafsiri chochote. Angeamini. Ni wepesi wa jambo lile unaonitisha, kuliko hata maji.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Basi lake linatoka Iringa kesho asubuhi. Nimemwomba ashuke Igawa, nimpokee pale. Akauliza kwa nini, nikasema nataka kununua mchele wa Mbarali na yeye ndiye anayejua kuchagua. Hata hapo nimedanganya, ona tabia ilivyoota mizizi. Lakini Igawa nimeichagua kwa akili. Iko katikati, mabasi yanasimama pande zote mbili. Akishanisikia, akitaka kurudi Mlandege asinione tena, atavuka barabara tu. Akitaka kunipiga, wauza vitunguu watashuhudia, na nitasimama. Nitamwambia kwa maneno yaleyale ya bibi, neno kwa neno, na nitamwambia ulichouliza na nilichokujibu.

Keshokutwa, Ijumaa, nitasimama mazoezini kabla ya sala ya kufungua na kuwaambia wote. Najua Bwana Sanga. Atasema nimechanganyikiwa kwa majonzi, atasema safari ni ya Bwana. Huenda wakaenda. Wakienda, nitapanda Canter pamoja nao, na tukifika nitapeleka unga shuleni juu kilimani kabla mtu hajafungua mdomo kuimba, hata kama nitaubeba kwa mgongo gunia baada ya gunia. Sitavaa sare. Nimeshaikata, nimeifanya vitambaa vya kufutia mashine.

Nimejaribu kuwaza ungesema nini. Ungenitukana kwanza, kisha ungevuta kiti. Sijui kama huko uliko mtu anaendelea kuwa vile alivyokuwa. Naogopa sana, Vumi. Namwogopa mama yako kuliko mto.

Basi mwenzangu, pumzika. Kesho saa tatu nitakuwa Igawa. Sikuombi msamaha katika barua hii, maana nimegundua huwa naanzia kwa wale ambao hawawezi kunikatalia. Nikishamwambia mama yako, akishanitazama usoni, ndipo nitakuja Mlandege kaburini kukuomba.

Sekela