Maspika ya Babu Yako Hayatoki Sebuleni

Tumaini mjukuu wangu, kamwene! Huku Makambako tu wazima, mahindi yamekauka vizuri, na mimi bibi yako natabasamu kutwa kama bibi harusi, maana ndiye mimi.

Umeuliza babu yako mpya anatafuta nini kwenye maspika yale makubwa, wakati hata simu inaimba. Tulipokuwa vijana, kwaya yetu ya usharika kule Njombe ilirekodi kanda. Tulipoisikiliza kwenye redio ya mchungaji, wote walishangilia, isipokuwa kijana mmoja wa besi aliyetega sikio na kuirudisha tena na tena.

“Unatafuta nini wewe?” nikamuuliza.

“Nakutafuta wewe. Uliimba nyuma kabisa, na humu husikiki.”

Maisha yakampeleka kila mmoja njia yake, mpaka Mungu alipoturudisha. Juzi kijana yule, ndiye babu yako huyu, alinikalisha katikati ya sebule, akaondoa vitambaa nilivyofuma kwa upendo kufunika maspika yake.

“Mke wangu, umewaziba wanakwaya midomo!”

Kisha akaweka kanda ile ile. Tumaini, kila sauti ilikuwa mahali pake! Na nyuma ya wote nikasikia binti akivuta pumzi kabla ya kuimba. Ni mimi! Babu yako alikuwa akinitazama tu, macho yamemlowa.

Sasa mama yako mdogo anataka maspika yatoke, kochi jipya lipate nafasi. Mwambie kochi ndilo litakalolala stoo. Mtu aliyenitafuta tangu ujana simpunguzii sauti.

Bibi yako, mke wa mtu